Mizunguko Saba na Sukari ya Damu: Kutembea Makka na Mzazi Mwenye Kisukari

Makka ni mji wa miguu. Mwenye kuswali hutosheka na msala wake, mwenye kufunga hufunga popote alipo, na mtoa zaka hunyoosha mkono wake akiwa mlangoni pake. Hija ni ibada ya mwendo. Hujaji hutufu Al-Kaaba mara saba, husai baina ya Safa na Marwa mara saba, huenda Mina, kisha Arafa, kisha Muzdalifa, na hurejea Mina kurusha mawe kwa siku kadhaa. Hata aliyelipiwa basi zuri hushuka mbali na mlango na kutembea, kwa kuwa watu ni wengi na njia hufungwa.

Kutoka Safa hadi Marwa ni takriban mita 400, hivyo safari saba hukaribia kilomita 3. Tawafu haina kipimo kimoja. Anayetufu chini, karibu na Al-Kaaba, huzunguka duara dogo. Anayepandishwa ghorofa ya juu au paani kwa sababu ya msongamano huzunguka duara lililo kubwa mara kadhaa. Ukijumlisha tawafu, sa'yi na njia ya kwenda na kurudi hotelini, mzee ambaye nyumbani safari yake ndefu ni ya kutoka barazani hadi msikitini hujikuta ametembea kilomita nyingi kwa usiku mmoja.

Kwa aliye mzima, matokeo ya mwendo huo ni uchovu wa miguu tu. Kwa mwenye kisukari, hasa anayechoma insulini, kila mzunguko una hesabu yake ndani ya damu. Makala haya yanahusu hesabu hiyo, kama nilivyoiona nilipofuatana na baba yangu, mzee wa miaka 66 kutoka Tanga, ambaye ameishi na kisukari kwa miaka 14 na huchoma insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni.

Kabla ya kufunga mizigo

Aya inayofaradhisha Hija imeifunga faradhi hiyo na uwezo. Wengi wetu tukisikia uwezo tunafikiria nauli. Masheikh wetu wamefundisha tangu zamani kwamba afya ya mwili imo ndani yake, pamoja na usalama wa njia na masurufu ya wanaobaki nyumbani. Kwa hiyo mwenye kisukari anayekwenda kliniki miezi mitatu kabla ya safari yumo tayari katika maandalizi ya Hija yake, sawasawa na anayekwenda kutafuta viza.

Daktari wa baba alimwuliza maswali ambayo hakuyatazamia. Hakuanza na dawa. Alimwuliza: kwa siku unatembea hatua ngapi? Baba akajibu kwamba hutembea kwenda msikitini na kurudi. Basi akamwagiza aanze kutembea nusu saa kila siku, baada ya chakula, kisha aongeze dakika kumi kila baada ya wiki mbili, na kila siku apime sukari kabla ya kutoka na baada ya kurudi. Mzee akaanza kutembea jioni kwa njia ya Raskazone, pembeni mwa bahari, akiwa na kijitabu mfukoni. Baada ya mwezi mmoja kijitabu kile kilikwishamfundisha jambo ambalo hakuna mtu mwingine angeweza kumfundisha: kwamba yeye, kwa mwili wake na dawa yake, mwendo wa saa moja baada ya Alasiri humshusha sukari kwa kiasi cha milimoli 3 hivi. Mwingine hushuka kwa zaidi, mwingine kwa kasoro. Hesabu hii kila mtu huipata kwa kijitabu chake mwenyewe.

Sababu yake ni hii. Misuli inapofanya kazi hunyonya sukari kutoka katika damu, na inaweza kufanya hivyo hata insulini ikiwa kidogo. Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho hupunguza insulini mara tu mwendo unapoanza, na ini hutoa sukari ya akiba, hivyo mizani husimama sawa. Kwa aliyechoma sindano, insulini ikishaingia mwilini haiitiki mwito wa kurudi. Misuli inavuta upande mmoja, dawa inavuta upande huohuo, na sukari inaporomoka. Vidonge vya kundi la glibenklamaidi na gliklazaidi huleta hatari kama hiyo, kwa kuwa huisukuma kongosho kutoa insulini hata pasipohitajika. Anayetumia metformini peke yake hatari yake ni ndogo sana.

Ndiyo maana daktari alimwandikia baba dozi mbili katika karatasi moja: dozi ya siku za kawaida, na dozi ndogo zaidi ya siku za mwendo mrefu. Hapo pakawa na ubishi. Mzee aliona kwamba kupunguza dawa ni sawa na kuukaribisha ugonjwa katika nyumba ya Mwenyezi Mungu. Kwa miaka 14 alikuwa ameambiwa asikose sindano, na sasa anaambiwa aipunguze! Ikabidi aelezwe kwamba siku ya mwendo miguu yenyewe hufanya sehemu ya kazi ya dawa, na kwamba kuacha insulini kabisa ni hatari nyingine, tena kubwa. Makadirio ya kupunguza ni ya daktari. Si ya hujaji, wala ya jirani yake wa hemani.

Katika duara la Al-Kaaba

Tuliingia Makka usiku, tukiwa na ihramu, na msafara ukapanga kufanya umra baada ya Isha. Mahujaji wengi hawataki kula kabla ya umra. Shauku imejaa kifuani, na wengine huona ni adabu kuiendea Al-Kaaba wakiwa na tumbo tupu. Baba naye alisema, “Mwanangu, nitakula nikishamaliza.” Alikuwa tayari ameshachoma sindano yake ya jioni. Amiri wa msafara, mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi, akaketi pembeni yake na kumwambia kwa upole, “Mzee wangu, umra haina saumu. Kula, tutakusubiri.” Akaletewa mkate, yai na maziwa. Alipopima baada ya kula, mashine ilisoma 8.4.

Wanaotibu kisukari hutoa miongozo inayofanana kuhusu tarakimu ya kuanzia mazoezi. Ikiwa chini ya milimoli 5 kwa lita, mtu anayetumia insulini au vidonge nilivyovitaja ale kwanza kitu cha wanga, kiasi cha gramu 15 hadi 30, ndipo atoke. Ikiwa kati ya 5 na 14, atoke na akiba yake mfukoni. Ikizidi 14, asimame atazame: je, anajisikia mgonjwa, ana kiu kali, anatapika? Mwenye kisukari cha aina ya kwanza apime na ketoni, kwa kuwa mazoezi juu ya ketoni huongeza ubaya. Mashine nyingine husoma kwa miligramu. 5 ni sawa na 90, na 14 ni sawa na 250 hivi.

Mataf, uwanja unaoizunguka Al-Kaaba, umetandikwa marumaru nyeupe kutoka kisiwa cha Thassos, Ugiriki, ambayo hubaki na ubaridi hata jua linapowaka. Usiku ule tuliikanyaga bila viatu, tukaanza kwenye usawa wa Jiwe Jeusi, penye taa ya kijani ukutani, tukaungana na mto wa watu. Mtu hutembea pale kwa hatua fupifupi, akisukumwa kidogo, akisimama kidogo, akilia bila kujua kwamba analia. Huwezi kumwambia mtu aliyeingia katika hali hiyo asikilize mwili wake. Hatausikia. Kwa sababu hiyo mwenye kisukari asitufu peke yake. Awe na mwenzake anayejua dalili, na ambaye ameruhusiwa tangu mwanzo kumwambia, “Simama.”

Dalili zenyewe ni kutetemeka mikono, jasho jembamba la ghafla, moyo kwenda mbio, njaa ya kupita kiasi, kizunguzungu, na mwishowe maneno kutopangika. Zingatia, ndugu msomaji, kwamba katika Makka karibu dalili zote hizo zina maelezo mengine. Jasho ni la joto, moyo ni wa hofu tukufu, machozi na kutetemeka ni vya mapenzi ya Mola. Zaidi ya hapo, baadhi ya dawa za shinikizo la damu hufunika kutetemeka na mapigo ya moyo, na wazee wengi wenye kisukari wanazo dawa hizo pia. Hivyo haifai kukisia. Hupimwa.

Wengi huuliza: je, kujitoboa kidole kunaharibu ihramu au udhu? Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipigwa chuku akiwa katika ihramu, na damu ya kidole ni ndogo kuliko hiyo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu wa mwambao tunayafuata, damu inayotoka kidoleni haitengui udhu. Wanaofuata madhehebu ya Hanafi wana maelezo yao juu ya damu inayotiririka, nao wamwulize sheikh wao kabla ya kuondoka. Kusimama kupumzika katikati ya tawafu au sa'yi kwa udhuru, kisha kuendelea ulipoishia, kumeruhusiwa; kufuatanisha mizunguko bila kukatiza, kwa kauli yenye nguvu ya Shafi, ni sunna. Na kunywa au kutia kitu mdomoni kwa haja hakuna ubaya. Haja gani iliyo kubwa kuliko ya mtu anayekaribia kuzimia?

Kati ya vilima viwili

Baada ya rakaa mbili nyuma ya Maqamu Ibrahim na kunywa Zamzam, baba alipima: 6.2. Tukapanda Safa.

Bibi Hajar aliipita njia hii akiwa na kiu na mtoto mchanga, akitafuta msaada asijue utatokea wapi. Leo ni ukumbi mrefu wenye ghorofa, viyoyozi na sakafu laini, na wanaume hukaza mwendo kati ya taa za kijani. Ukumbi huu hudanganya. Kwa kuwa hauna jua wala mlima wa kutisha, mtu hudhani amekwisha kuimaliza kazi ngumu huko kwenye tawafu. Kumbe sa'yi ndiyo ndefu, nayo huja wakati akiba ya sukari katika misuli imekwishapungua na sindano ya jioni imefikia nguvu zake.

Katika safari ya tano baba aliacha kuomba dua. Hakulalamika, hakujishika popote. Midomo yake ilisimama tu, na hatua zake zikawa kama za mtu anayetafuta kitu sakafuni. Nikamwuliza, “Baba, hii ni ya ngapi?” Akanitazama asijibu. Tulimketisha pembeni, ukutani. Mashine ikasoma 3.1.

Mpita njia mmoja, mwenye huruma, alimletea bilauri ya Zamzam. Wa pili akaleta nyingine. Maji ya Zamzam yana baraka ambayo hakuna Muislamu anayeitilia shaka, lakini hayana sukari, na mwili ulikuwa unaomba sukari. Tulikuwa na pakiti ya maji ya matunda ya mililita 200. Akanywa robo tatu yake. Kanuni inayofundishwa kliniki ni ya 15 kwa 15: gramu 15 za sukari inayoyeyuka upesi, kisha kungoja dakika 15, kisha kupima tena, ikiwa bado iko chini ya 4, hurudiwa. Gramu 15 ni kama vijiko vinne vidogo vya sukari kwenye maji, au kijiko kikubwa kimoja cha asali, au nusu bilauri ya soda yenye sukari ya kawaida. Soda isiyo na sukari haifai kitu hapa.

Na tende? Kila hujaji anazo, na kila mtu huzitoa kwanza. Tende ni chakula chema, ila nyuzinyuzi zake huifanya sukari yake iingie taratibu kidogo, na aliyekauka mdomo hawezi kuitafuna. Utaratibu unaofaa ni kinywaji cha sukari kwanza. Mtu akishazindukana, ndipo tende mbili tatu au kipande cha mkate zimshike asishuke tena.

Dakika zile 15 zilikuwa ndefu. Watu walipita kwa mamia, kila kundi na dua yake kwa lugha yake. Mzee mmoja wa Kihausa aliketi kando yetu, akamshika baba mkono bila kusema neno, kisha akainuka akaendelea. Mashine ikasoma 4.9, na baba akaniambia kwa sauti yake ya kawaida, “Hii ni ya tano. Tumebakiza mbili na kipande.” Tukangoja tena mpaka akala tende zake. Kuna viti vya magurudumu na vigari vya umeme katika njia hiyo, nikamwuliza kama angependa kimoja. Alikaa kimya, na nikaujua ukimya ule: kwa wazee wetu, kusukumwa ni kama kukiri kwamba Hija imepungua.

Si kweli kwamba imepungua. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alitufu akiwa juu ya ngamia, na Ummu Salama (R.A.) alipolalamika kwamba ni mgonjwa, alimwelekeza atufu nyuma ya watu akiwa amepanda mnyama. Amiri wetu alimkumbusha baba hayo mawili, wala hakuongeza neno. Baba akakaa kwenye kiti. Alizimaliza safari zilizobaki akiwa amekaa, mikono imeinuliwa, na dua zake zilirudi kwa sauti.

Mambo hayakuishia hapo. Misuli iliyofanya kazi huendelea kurejesha akiba yake kwa saa nyingi, na sukari inaweza kushuka tena hadi siku nzima baada ya mwendo, hasa usiku mtu akiwa amelala. Saa tisa za usiku nilimwamsha baba kupima: 4.3. Akanywa maziwa na kula mkate, akalala tena mpaka adhana. Laiti angelala bila kupimwa, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye tungeamka na nini.

Mina, Arafa na Muzdalifa

Bonde la Mina ni mji wa mahema meupe yasiyoshika moto, yaliyopangwa safu kwa safu hadi miguuni mwa milima. Kwa siku chache hujaa watu, kisha hubaki tupu mwaka mzima. Hema moja hufanana na jingine, na hatari ya kwanza kwa mwenye kisukari pale ni kupotea: aliyetoka kwenda msalani bila pakiti yake ya sukari, akakosa njia ya kurudi, anaweza kuzunguka saa nzima. Baba alifunga kibweta kidogo kiunoni, ndani yake mashine, pakiti mbili za maji ya matunda, tende, na kadi yenye jina lake, namba ya hema, namba ya simu ya amiri, na maneno kwa Kiarabu na Kiingereza kwamba ana kisukari na anachoma insulini. Kibweta hicho hakikuvuliwa hata wakati wa kulala.

Hatari ya pili ni joto. Katika Hija ya mwaka 2024, iliyoangukia mwezi Juni, nyuzijoto katika Msikiti Mtukufu zilifikia 51.8, na serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, wengi wao wakiwa watu waliokwenda bila kibali na kutembea juani bila mahema wala mabasi. Joto huongeza kasi ya insulini kuingia katika damu, kwa kuwa ngozi yenye joto hupitisha damu nyingi. Aliyechoma pajani kisha akatembea huharakisha zaidi; ndiyo maana hushauriwa kuchoma tumboni siku za mwendo. Wakati huohuo ukosefu wa maji huipandisha sukari na kuikausha figo. Joto moja, pande mbili za hatari.

Insulini yenyewe haistahimili joto. Ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, bila kugandishwa. Iliyofunguliwa hudumu wiki nne hivi mahali pasipozidi nyuzi 30, na hema lililopigwa na jua hupita hapo. Ndani ya ndege hubebwa mkononi, kamwe si katika mzigo wa chini. Tulitumia chupa ya chai yenye mdomo mpana, ikiwa na maji ya baridi na kichupa cha dawa kikiwa kimefungwa kwenye mfuko mkavu. Vijikaratasi vya kupimia navyo huharibika kwa joto na kutoa tarakimu za uongo, hivyo navyo viwekwe kivulini, kopo likiwa limefungwa.

Siku ya Arafa watu wengi duniani hufunga, lakini kwa hujaji aliyesimama Arafa sunna ni kutofunga, na mwenye kisukari ana sababu mbili za kuifuata sunna hiyo. Kisimamo cha Arafa hakidai kusimama kwa miguu. Aliyekaa kivulini, akanywa maji, akala mchana na kuomba dua hadi Magharibi, amesimama Arafa. Kupanda Jabal Rahma si nguzo wala wajibu, na nimewaona wazee wakiimaliza akiba yao yote ya nguvu juu ya mawe yale, kisha usiku wa Muzdalifa ukawakuta hawana kitu.

Muzdalifa ndiyo usiku mgumu. Mabasi hukwama, chakula hakieleweki, watu hulala juu ya mikeka wazi chini ya nyota. Hapa sindano ya jioni ina mtego wake: ukichoma kwa saa uliyoizoea nyumbani, chakula kisipofika, umeshushwa. Baba alifuata kanuni moja, kwamba sindano haiingii mpaka chakula kionekane kwa macho. Na walio dhaifu wameruhusiwa kuondoka Muzdalifa usiku kabla ya umati, Mtume (S.A.W.) alimpa ruhusa hiyo Bibi Sauda (R.A.) pamoja na wanyonge wa jamaa zake. Tuliondoka baada ya nusu ya usiku.

Katika daraja la Jamarati likatokea jambo la kinyume. Baba alikuwa ametembea muda mrefu, nikatazamia sukari imeshuka. Mashine ikasoma 14.6. Watu wengi hushtuka hapo na kuongeza sindano. Lakini hofu, msongamano na juhudi ya ghafla humwaga homoni zinazoliamuru ini kutoa sukari, hivyo tarakimu hupanda kwanza na kushuka baadaye. Sindano ya pupa hukutana na mshuko huo njiani. Baba alikunywa maji, akapumzika kivulini, akapima baada ya saa moja na nusu: 9.7, bila dawa yoyote ya ziada. Siku zilizofuata alimwakilisha mtu kumrushia mawe, jambo lililoruhusiwa kwa asiyeweza.

Miguu

Kisukari cha muda mrefu huua hisia za nyayo. Mtu anaweza kukanyaga lami ya mchana wa Makka, akaungua, asijue mpaka aone damu kwenye shuka la ihramu. Marumaru ya mataf hubaki baridi. Barabara za nje hazibaki. Wapo wanaopoteza ndara mlangoni mwa msikiti na kurudi hotelini peku, na kwa mwenye kisukari safari hiyo moja yaweza kugharimu mguu. Abebe ndara zake ndani ya mfuko, asiziache mlangoni, na awe na jozi ya pili. Mwanamume katika ihramu huvaa ndara zisizofunika vifundo. Achague zenye soli nene na laini, alizozizoea tangu nyumbani. Wanawake hawana kizuizi cha soksi, nazo huwasaidia. Kila usiku nilishika tochi nikazitazama nyayo za baba, katikati ya vidole na chini ya kisigino. Siku ya pili ya Mina nilikuta lengelenge ambalo yeye hakulihisi. Lilisafishwa na kufungwa kwenye kituo cha afya, bila malipo, na halikuwa kidonda.

Kwa watoto wanaowalipia wazazi

Siku hizi vijana wengi, Alhamdulillah, hujinyima ili wazazi wao wahiji. Ni wema mkubwa. Lakini nauli, hoteli na mizigo havitoshi kwa mzazi mwenye kisukari. Ulizeni msafara: nani atafuatana naye katika sa'yi? Chakula cha usiku wa Muzdalifa kitatoka wapi? Je, kuna jokofu? Mpelekeni kliniki miezi mitatu kabla, na anze kutembea jioni hiyohiyo. Mfundisheni mwenzake wa chumba kwamba aliyezimia hatiwi kitu mdomoni, si sukari wala maji. Hulazwa ubavu, na gari la wagonjwa la Hilali Nyekundu huitwa kwa namba 997.

Na mwambieni mzazi mapema, kabla hajafika mahali ambapo shauku itamziba masikio, kwamba Mola hakumtaka ajitie katika maangamizo. Kukaa kwenye kiti, kula kabla ya kutufu, kumwakilisha mtu katika kurusha mawe: ruhusa hizo ni sadaka kutoka kwa Mwenyezi Mungu, na sadaka ya Mola haikataliwi.

Baba alirejea Tanga akiwa na madumu yake ya Zamzam, kichwa kilichonyolewa, na kijitabu chenye kurasa 19 za tarakimu. Daktari wake alizisoma zote. Bado anatembea jioni kwa njia ya Raskazone, na sasa wazee wenzake wawili wanaojiandaa kwa safari huandamana naye, kila mmoja na kijitabu chake.

Wabillahi tawfiq.